Mkwe Wangu na Bakuli la Visu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, na dakika hiyo hiyo binti yangu akaingia karakanani amelowa chapachapa, anacheka peke yake. Hospitali imempa kazi ya kukata nyasi msimu wote wa mvua, viwanja vyote vitatu, kuanzia langoni hadi nyuma ya wodi ya watoto. Sharti ni moja. Msimamizi wa hospitali hataki kuona nyasi zimefika magotini. Zikifika, kazi anapewa mtu mwingine.

Nilifurahi, halafu nikaenda kuitazama mashine yake, furaha ikapungua. Ni ile ya kukalia na kuendesha, aliyoinunua ikiwa imeshatumiwa na watu wasio na huruma. Injini ni nzima. Ugonjwa uko chini, kwenye lile bakuli la chuma lililofunikwa kifudifudi ambalo ndani yake visu viwili huzunguka. Kutu imekula ukingo wake, na ukikishika kisu kwa mkono kinacheza. Kisu hakitakiwi kucheza. Kila kisu kimefungwa kwenye shafti, ule mhimili unaokizungusha, kila shafti inashikwa na beringi mbili, zile pete zenye gololi ndani, na beringi hizi zilikwisha zamani, zimebaki kwa jina tu.

Nilifanya kazi gereji ya mabasi miaka thelathini na moja, ishirini ya mwisho nikiwa mkuu wa upande wa gia. Beringi ni watu wangu. Nimemwambia binti yangu aende akalale usingizi wake, hili aniachie mimi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nati nne zimegoma. Nimezinywesha mafuta na kuziacha zifikirie.

Alhamisi, 7 Machi

Nati tatu zimekubali. Ya nne nimeikata.

Leo niandike kidogo kuhusu mkwe wangu, maana nimekaa naye nyumba moja tangu mwaka jana na bado simjui. Wanaishi vyumba vya mbele, yeye na binti yangu. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na watu wanamsifu kazi yake. Nyumbani hapa ni mtu wa "sawa, mama". Ukimwambia chakula tayari, sawa, mama. Ukimwambia paa linavuja, sawa, mama, na kesho yake halivuji. Sijawahi kumsikia akibishana na mtu, hata na paka. Binti yangu anasema ni heshima. Mimi naona kama nimekaa na mgeni asiyemaliza kuaga.

Leo alipita karakanani akasimama mlangoni. Akasema taratibu, "Mama, naona kama lile jiwe la grinda lina ufa."

Nikamwambia, "Karakana hii ina fundi mmoja, mkwe wangu." Nilisema kwa utani. Akasema sawa, mama, akaondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimebadilisha jiwe la grinda. Lilikuwa na ufa kidogo, wa kuonekana ukiutafuta.

Nimekwenda kununua beringi kwa Bwana Hakuna. Jina lake lina sababu. Ukimuuliza kitu chochote dukani kwake, kabla hujamaliza sentensi atakwambia, "Kwa sasa hakuna," halafu anainuka, anapanda ngazi yake, anarudi na hicho kitu mkononi. Tumejuana tangu nikiwa gereji. Nilisema beringi nne, nikampa namba. Kwa sasa hakuna, akasema, na baada ya dakika mbili zilikuwa mezani, zimefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta.

Jumapili, 10 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu nistaafu. Nimeziingiza beringi zote nne, moja moja, kwa kipande cha bomba na nyundo ya mpira, nikisikiliza. Beringi ikikaa mahali pake sauti ya nyundo hubadilika, inakuwa nzito, na moyo wangu hutulia papo hapo. Nilizungusha shafti kwa kidole. Kimya kabisa. Nilimwita binti yangu aje asikilize ule ukimya, akasema hasikii kitu, nikamwambia ndiyo maana yake.

Baadaye nilisugua bakuli kwa brashi ya waya nikakuta ufa upande wa kushoto, karibu na nyumba ya beringi, wenye urefu wa kidole changu. Itabidi kuchomelewa.

Jumatatu, 11 Machi

Mkwe wangu alirudi saa kumi na mashine yake ya kuchomelea begani. Bakuli tuliliweka mezani, shafti zikiwa tayari mahali pake. Mashine ile ina nyaya mbili, mmoja wa kuchomelea, wa pili wenye kibanio ambacho hubanwa kwenye chuma ili umeme upate njia ya kurudi. Kibanio nilikibana mimi. Ukingo wa bakuli una rangi na kutu, kisingeshika vizuri, kwa hiyo nilikibana kwenye ncha ya shafti ya kushoto, ambayo nilikuwa nimeisugua ikang'aa. Mkwe wangu alikitazama kibanio, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Hapo, mama?"

"Hapo hapo."

"Sawa, mama."

Akachomelea. Mkono wake hautetemeki hata kidogo, lazima niseme. Ufa umezibwa kama haukuwahi kuwepo.

Jumatano, 13 Machi

Binti yangu amekata kiwanja cha mbele chote. Amerudi na nyasi hadi kwenye nywele, amekula sahani mbili. Msimamizi alisimama dirishani akamwangalia, hakusema neno, na binti yangu anasema kwa mtu yule hizo ni sifa.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Kiwanja cha pili kimekatwa. Nimenoa panga la jirani na mkasi wa jirani wa jirani.

Jumatatu, 18 Machi

Binti yangu anasema mashine inanguruma. Nimemwambia ni ule mkanda mpya niliouweka wa kuzungushia visu, unajizoeza.

Jumanne, 19 Machi

Si mkanda. Nimelifungua bakuli. Beringi mbili za kushoto zimeharibika. Ukizizungusha zinakwaruza, na zilikuwa zimepata moto hadi grisi imegeuka nyeusi. Beringi za siku tisa. Beringi nilizoziingiza mimi, kwa mkono huu, zikiwa kimya kabisa.

Damu ilinipanda. Nilivaa kanga yangu ya kwenda mjini nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Hakuna. Duka lilikuwa limejaa, kama watu saba hivi. Niliziweka mezani nikamwuliza tangu lini anauza takataka. Alizichukua, akazigeuza, akasema, "Dada, hizi ni zile zile ninazoziuza miaka yote." Nikamwambia basi miaka yote anatuibia. Nikasema mengine. Watu wawili waliokuwa wameshika beringi walizirudisha mezani. Alipanda ngazi yake, akaniletea nyingine mbili, akasema nisilipe.

Nilizirudisha zile mbovu mfukoni nikatoka kifua mbele.

Jioni mezani mkwe wangu aliniuliza, "Mama, ni za kushoto tu?"

Nikasema za kushoto tu, na kwamba mwizi hachagui upande. Akasema sawa, mama.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeingiza beringi mpya. Nilipomaliza nikaona ufa umerudi, umetokea pembeni ya ule tuliouziba. Mtetemo wa beringi mbovu ndio uliolipasua bakuli. Kuondoa shafti tena ni kupoteza siku, na nyasi hazingoji. Tutachomelea hivyo hivyo.

Ijumaa, 22 Machi

Tumechomelea. Nilibana kibanio pale pale kwenye shafti, nikaenda jikoni kuipua chai. Niliporudi nikakikuta kimehamia kwenye ukingo wa bakuli, mahali pamekwanguliwa rangi. Nikajua kimeteleza kikaangukia hapo. Nikakirudisha kwenye shafti, nikakikaza vizuri kisiteleze tena.

Mkwe wangu alikuwa ameshika kofia yake ya kuchomelea, hajaivaa. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, mama. Akaivaa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kubwa. Hakuna kazi.

Jumanne, 26 Machi

Mvua kubwa. Nyasi zinakua mtu akizitazama.

Jumamosi, 30 Machi

Kimekatwa kiwanja cha mbele na nusu ya cha pili. Binti yangu ameanza kuongea habari za kumwajiri mtu wa kufyeka pembeni. Ana sauti ya baba yake akipanga mambo, marehemu naye alikuwa akipanga huku anakuna kiwiko. Nilimsikiliza nikasahau kula.

Alhamisi, 4 Aprili

Inanguruma tena.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekataa kuamini hadi saa sita mchana. Beringi za kushoto tena. Safari hii moja imekwama kabisa, mkanda ukateleza na kutoa moshi mbele ya wodi ya watoto, na wauguzi wakafunga madirisha. Binti yangu alilazimika kuisukuma mashine hadi langoni kwenye matope. Alipofika nyumbani hakulia. Alikaa kwenye ngazi akavua viatu, akabaki anavitazama.

Jumatatu, 8 Aprili

Msimamizi amemwita binti yangu ofisini. Hakumfokea. Alimwambia nyasi za nyuma ya wodi ya watoto zimefika karibu na magoti na mama mmoja amesema ameona nyoka, japo wengine wanasema ulikuwa mpira wa maji. Amempa hadi Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili. Kuna mtu ana mashine mpya, ameshaleta barua ya kuomba kazi.

Binti yangu ameniambia haya bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwambia tarehe nne ya mwezi uliopita kwamba hili aniachie mimi.

Nimeamua. Kesho naenda kwa mwenyekiti wa wafanyabiashara na beringi zote nne mbovu kwenye mfuko. Bwana Hakuna afungiwe duka. Nimewatangazia mezani, na nimezifunga kwenye gazeti tayari.

Jumanne, 9 Aprili

Nitaandika yote, ingawa mkono hautaki.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni, nimevaa, mfuko mkononi. Mkwe wangu alipaswa kuwa kazini. Alikuwa amesimama kwenye lango letu, kwenye manyunyu, bila mwavuli.

"Mama, usiende."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Mtu huyu hajawahi kuniambia usi chochote.

"Usiende kwa mwenyekiti. Beringi hazina kosa. Yule bwana hana kosa."

Nikamwuliza kosa ni la nani. Alitazama chini, halafu akaniangalia usoni.

"Ni pale ulipobana kibanio, mama. Umeme ukiingia kwenye bakuli lazima urudi kwa kupitia kibanio. Kibanio kikiwa kwenye shafti, njia ya kufika huko ni beringi tu. Unaruka ndani, unaunguza gololi. Ukizifungua utaona. Ndiyo maana ni za kushoto tu, mara zote mbili."

Nilirudi karakanani. Nilibana beringi moja kwenye jiliwa, nikaikata kwa grinda, nikatoa gololi moja, nikavaa miwani miwili kwa pamoja. Kulikuwa na nukta. Nukta ndogo za kuungua, nyingi, uso mzima. Gereji yetu kuchomelea kulikuwa ng'ambo ya uwanja, na sisi wa upande wa gia tuliwaita wale watu wapika vyuma, hatukuwahi kuwauliza lolote. Miaka thelathini na moja na sikulijua hili.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," nikamwambia.

"Nilijua, mama."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilikihamisha ulipoenda jikoni. Ukakirudisha."

Hapo nilikasirika kweli kweli. Nilimwambia ameniacha nimtukane mtu asiye na hatia mbele ya watu, ameacha kazi ya mke wake ifike ukingoni, na yote hayo kwa sababu ulimi wake ni mzito. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Nilijaribu na lile jiwe la grinda, mama. Uliniambia karakana hii ina fundi mmoja. Ningeanzia wapi kumkosoa mama mkwe kwenye karakana yake?"

Nilidhani nilikuwa natania, na yeye alilichukua neno langu akalitii, kama anavyotii kila ninachosema. Nimeona aibu leo kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nimekaa mwaka mzima nikimwona baridi, kumbe nilimfunga mdomo mwenyewe.

Nikamwambia, "Baba, nisamehe." Akasema, "Na mimi, mama. Ningesema mapema."

Akaenda kazini, amechelewa saa nzima.

Jumatano, 10 Aprili

Nilimtukana Bwana Hakuna mbele ya wateja, kwa hiyo leo nilisimama nje ya duka lake hadi wateja wakafika watano. Nikaingia, nikasema kwa sauti ile ile niliyomtukania. Nikasema beringi zake zilikuwa nzima, nimeziunguza mwenyewe kwa kutojua kuchomelea, na kama kuna aliyenisikia siku ile akaacha kununua, arudi anunue.

Bwana Hakuna alinitazama. "Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza. Nataka nyingine mbili."

"Kwa sasa hakuna."

Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Nikadhani ananilipizia, na nikaona ni haki yake. Lakini alinyoosha mkono kuelekea kwenye rafu, na kweli palikuwa patupu. Mzigo unakuja wiki ijayo. Nikamweleza habari ya Ijumaa na binti yangu. Alifikiri kidogo, akavua koti lake la dukani, akanivalisha mimi.

"Kaa hapa uuze," akasema, akachukua mwavuli akatoka.

Alikwenda kuzitafuta upande wa pili wa mji, kwenye maduka ya washindani wake. Nilikaa dukani saa mbili na nusu. Sikujua chochote kiko wapi, kwa hiyo niliwaambia watu tisa kwamba kwa sasa hakuna. Mmoja alisema naona mmeoana. Aliporudi alikuwa amelowa hadi magotini na beringi mbili ziko kwenye mfuko wa shati. Nilishindwa kumshukuru ipasavyo, nikamwambia tu ngazi yake inahitaji misumari.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkwe wangu ameomba ruhusa ya nusu siku. Tumetoa shafti zote nje kwanza, kisha akachomelea bakuli likiwa tupu, kibanio kikiwa kwenye ukingo, mahali alipochagua yeye. Ameweka kiraka upande mzima wa kushoto, maana anasema kuziba nyufa moja moja ni kazi ya kufukuza kuku. Amezungumza leo kuliko mwaka mzima. Nimejua kwamba hapendi mageti yenye maua. Beringi nimeingiza mimi, yeye ameshika bomba.

Ijumaa, 12 Aprili

Niliamka mapema nikanoa visu vyote viwili, nikavifunga, na saa mbili tulikuwa hospitali. Jua lilitoka kidogo. Msimamizi alikuwa ameshafika nyuma ya wodi ya watoto, amesimama katikati ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimebakisha upana wa vidole vitatu tu kufika magoti yake. Madirisha ya wodi yalijaa vichwa. Mtu wa mashine mpya naye alikuwepo, ameegemea ukuta, ati anapita.

Binti yangu aliwasha. Hakuna kilichonguruma. Akaenda mstari wa kwanza hadi mwisho, na sote tukatazama nyuma yake. Nusu ya mstari ilikuwa imekatwa safi. Nusu nyingine nyasi zililala, halafu zikaanza kuinuka moja moja.

Msimamizi akakohoa. Mtu wa mashine mpya akaacha ukuta.

Nikasema kwa sauti, "Ni maji. Nyasi zimelowa."

Mkwe wangu alikuwa ameshachuchumaa kando ya mashine, shavu karibu na ardhi. Akainuka. Msimamizi alikuwepo, wauguzi walikuwepo, na sauti yake ilisikika hadi madirishani.

"Si maji, mama. Kisu cha kulia umekifunga kinyume. Makali yako nyuma."

Binti yangu alizima injini. Alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa yanayopanda jikoni. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo, na jibu lilikuwepo tayari, la miaka thelathini na moja. Nilipiga magoti kwenye matope nikatazama. Kilikuwa kinyume.

"Kweli," nikasema. "Nimekosea. Nipe spana."

Akanipa. Tulikigeuza kwa dakika nne, yeye akishikilia kisu kwa kipande cha mbao na akiniambia kaza, bado, kaza tena. Binti yangu akawasha, akarudia mstari ule ule, na safari hii nyasi hazikuinuka. Alikata hadi saa saba. Watoto wa wodini walikuwa wanahesabu mistari kwa sauti na wanakosea. Msimamizi aliutembea uwanja wote na viatu vyake vya ofisini, akarudi, akamwambia binti yangu kwamba Jumatatu aanzie kiwanja cha mbele na asisahau pembe za karibu na jiko. Mtu wa mashine mpya hatukumwona ameondoka saa ngapi.

Jioni tulikula sote watatu, tumechoka, kila mtu na harufu ya nyasi. Mvua ilirudi na hakuna aliyeijali. Katikati ya chakula mkwe wangu akaweka kijiko chini.

"Mama, hii redio ina kelele mno."

Binti yangu akaacha kutafuna. Redio hiyo imelia kwa sauti hiyo hiyo, mahali hapo hapo, tangu baba yake alipokuwa hai.

Niliinuka nikaipunguza.